Mvita Hunywa Mlimani

Oktoba inapoingia, kusi imeshalegea na kaskazi haijashika, vijana wa Kibokoni na Kuze huanza kupanga wikendi zao, na karibu kila mpango huelekea majini: Mama Ngina, Nyali, au kivuko cha Likoni na moja kwa moja hadi Diani. Pwani ni yetu na hatuchoki nayo. Lakini marafiki wa kisiwani wakijaliwa siku mbili za vuli, kila mmoja na shanta yake mgongoni, nashikilia kwamba mahali pa kwenda ni milima ya Taita, na waende kwa miguu kutoka kilele hadi kilele. Sababu kubwa si baridi wala mandhari. Mtu wa Mombasa asiyeijua milima iliyo nyuma yake hajaujua mji wake, maana mji huu hauishi kwa bahari peke yake.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya ndoo. Visima vya Mji wa Kale vina maji ya chumvichumvi, na kisiwa kizima hutegemea maji ya mbali. Chemchemi za Marere, mojawapo ya vyanzo vya maji hayo, ziko Shimba Hills. Maji ya Mzima, yaliyofikishwa Mombasa kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, ni mvua iliyonyesha juu ya milima ya Chyulu. Milima hiyo ni ya volkeno na haina mito. Mvua huzama kwenye mawe yenye vinyweleo, husafiri chini ya ardhi, kisha hububujika Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ikiwa safi kabisa. Hata visima vya Baricho, chanzo kingine, vimechimbwa kando ya mto Sabaki, ambao hupokea maji ya mto Tsavo, na sehemu ya maji ya Tsavo hutoka Kilimanjaro. Mama wa Bondeni anayemlipa mwenye mkokoteni kwa mitungi michache ananunua mvua ya mlimani. Jambo hili halifundishiki vizuri ndani ya kuta za darasa.

Taita haijazi mitungi hiyo moja kwa moja, nalikubali hilo. Lakini ndiko mtu wa kisiwani anakoweza kuona kwa macho jinsi mlima unavyokamata maji. Pepo zilezile zilizoleta majahazi Bandari ya Kale hupita juu ya nyika ya Taru zikiwa na unyevu wa bahari, kisha hukutana na Vuria, kilele cha Taita chenye mita 2,208. Hewa hulazimika kupanda, hupoa, hugeuka ukungu. Wakati wa vuli ukungu huo hutanda msituni, hushika majani na kuvumwani, hudondoka tone kwa tone hadi kwenye vijito. Milima hii ni kipande pekee cha safu ya milima iitwayo Tao la Mashariki kilicho upande wa Kenya. Mingine yote, kuanzia Pare na Usambara, iko Tanzania. Kwa kutengwa huko muda mrefu, Taita ina ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani. Msitu wenyewe umebaki vipande tu, maana sehemu kubwa ilifyekwa ikawa mashamba. Ngangao, mojawapo ya vipande vikubwa, una hekta zipatazo 120 tu. Anayetembea kutoka shamba la mahindi kwenye jua hadi chini ya miti ya Ngangao huhisi tofauti ya unyevu kwa ngozi yake, na hapo hahitaji tena hotuba kuhusu kutunza vyanzo vya maji.

Wapo watakaosema kupanda milima kwa miguu ni starehe ya Wazungu. Historia ya mji huu inawakatalia. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, aliyemwongoza ni Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka Mombasa, aliyekuwa akiijua njia hiyo tangu hapo. Wafanyabiashara wa Mvita walivuka Taru kwenda Taita na Uchagani kizazi baada ya kizazi. Ni kweli walifuata pembe za ndovu wala si burudani, na ni kweli kwamba biashara ile ilichanganyika na utumwa, jambo ambalo halifai kupambwa. Hata hivyo inabaki kwamba kutembea bara ni ujuzi wa wazee wetu wenyewe, na sisi ndio tulioukatiza.

Pingamizi zito zaidi ni la wazazi: gharama, usalama na wasichana. Gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Treni husimama Voi, na matatu hupanda kupitia Mwatate hadi Wundanyi. Usalama unataka busara. Tambarare zilizo kati ya hifadhi mbili za Tsavo zina ndovu, kwa hiyo matembezi yawe juu milimani, na mwenyeji awaongoze njia na alipwe haki yake. Njia za vuli huteleza, basi viatu viwe vya maana. Ama wasichana, dini haikumfungia mtu nyumbani. Wakienda na ndugu zao au wakiwa kundi la wanawake watupu, wakalala katika nyumba ya wageni inayojulikana, hakuna kizuizi. Kuhusu ibada, msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala na hana udhuru wa kuiacha.

Kuna pia wanaohofia kwamba miguu mingi itaumiza msitu mdogo. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni makundi madogo yasiyotoka njiani. Faida ya safari ni kubwa kuliko hasara hiyo, hasa kwa uhusiano wa majirani. Kwa miaka mingi viongozi wa Taita Taveta wamedai kaunti yao inufaike zaidi na maji ya Mzima, yanayotoka kwao huku vijiji vyao vikibaki na kiu. Kisiwani dai hilo husikika kama tamaa ya watu wa mbali. Kijana aliyekaribishwa chai Wundanyi na kuona foleni ya mitungi kwenye bomba la kijiji atalisikia kama dai la jirani, na kesho akipiga kura Mvita atakuwa na swali la maana la kumuuliza mgombea.