Baiskeli na Adui Asiyeonekana

Ukitoka Ndungu kwenda Kisiwani kwa baiskeli siku ya upepo wa mbele, unachoka kuliko siku nyingine. Barabara ni ile ile, mzigo ni ule ule. Je, nguvu zako zimekwenda wapi? Zimeliwa na hewa.

Hewa haionekani, lakini ni kitu. Baiskeli ikienda, lazima iisukume ipate kupita. Mwendo ukiongezeka mara 2, hewa inakuzuia mara 4. Waendeshaji wa mashindano hupita kilomita 40 kwa saa kwenye tambarare. Hapo nguvu nyingi za miguu yao hupigana na hewa tu.

Tazama maji ya mfereji. Weka jiwe pana katikati. Nyuma yake maji yanazunguka ovyo. Sasa weka kipande cha mti chenye umbo la samaki. Maji yanapita kando zote na kukutana nyuma bila fujo. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Fujo ya nyuma ndiyo inayomrudisha mwendeshaji.

Wataalamu wanaijuaje hewa wasiyoiona? Wanachora baiskeli ndani ya kompyuta. Nafasi inayoizunguka wanaigawa vipande vidogo vidogo, hata mamilioni. Kompyuta inapiga hesabu ya kila kipande: hewa inakwenda wapi, kwa kasi gani, inasukuma kiasi gani. Bomba la fremu likileta fujo, wanabadili mchoro, wanapiga hesabu tena. Kwa njia hii hawalazimiki kutengeneza baiskeli nyingi za kujaribia. Lakini hesabu peke yake haitoshi. Mwishowe baiskeli hupimwa katika chumba kirefu chenye mafeni makubwa.

Mfano upo karibu nasi. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alifundishwa mbio za baiskeli na Mkenya David Kinjah. Alishinda mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, mara 4. Mwaka 2014, kiwanda cha Pinarello cha Italia kilishirikiana na wataalamu wa magari ya Jaguar wa Uingereza. Walitumia kompyuta kutengeneza baiskeli iitwayo Dogma F8. Mabomba yake ni kama samaki aliyekatwa mkia: mbele mviringo, nyuma bapa. Mwaka 2015 Froome alishinda akiiendesha.

Kumbe basi, kinachoshika hewa zaidi si baiskeli. Ni mwili wa mtu! Ndiyo maana wenye mashindano huinama sana. Na hili halihitaji kompyuta. Upepo ukija mbele:

1. Inama kidogo, na funga koti lisipepee.
2. Gunia la tangawizi lifunge vizuri kwenye keria, lisitokeze sana pande mbili.
3. Mkiwa wawili tambarare, pokezaneni kukaa mbele. Wa nyuma aache nafasi ya kufunga breki.

Lakini ukipanda kuja Mamba, mambo ni mengine. Mwendo ni mdogo, hewa haikuzuii sana. Adui wako hapo ni uzito na mlima. Hata baiskeli ya Froome ingesukumwa! Basi, kabla ya kutafuta dawa, mjue kwanza adui wako.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini upepo wa mbele unachosha?
2. Je, mizigo yetu tunaifungaje? Tubadili nini?