Wanawake wa Ganjoni na hekima ya sampuli chache

Kuanzia mwaka 1993, katika kliniki ya Ganjoni kisiwani Mombasa, si mbali na Mji wa Kale, wanawake wanaofanya biashara ya ngono walijiunga na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani. Waliojiunga bila VVU walirudi kila mwezi kupimwa, kuhojiwa na kutibiwa magonjwa ya zinaa. Kundi linalofuatiliwa hivi, wataalamu huliita kohoti.

Damu na ute waliotoa ulihifadhiwa kwenye majokofu. Miaka inapita, linazuka swali jipya: je, bakteria fulani wa ukeni huongeza hatari ya VVU? Kupima kila sampuli ni ghali, na iliyokwisha kutumika hairudi tena.

Mwaka 1986 mtakwimu Ross Prentice alieleza njia ya kupunguza upimaji huo, iitwayo kesi na kohoti; kesi ni kila aliyeambukizwa. Tuseme wanawake ni 1,000 na walioambukizwa ni 50. Kutoka kundi zima la mwanzo unapiga kura, unachagua 100, bila kujali nani aliambukizwa baadaye. Kisha unapima hao 100 pamoja na wote walioambukizwa. Ikiwa watano kati ya walioambukizwa wamo tayari katika kura, jumla ni 145 badala ya 1,000.

Hapa ndipo takwimu inapohitajika. Ukihesabu kavu kavu, 50 kati ya 145 ni asilimia 34, ilhali ukweli ni asilimia 5. Dawa yake ni uzani: kwa kuwa kura ilichukua mmoja katika kila kumi, kila mmoja wa wale 95 wasioambukizwa anasimama badala ya kumi, na 950 ukijumlisha na 50 unarudi kwenye 1,000. Muda nao huzingatiwa. Siku mwanamke mmoja anapogundulika ameambukizwa, analinganishwa na wale tu ambao siku hiyo bado wanafuatiliwa. Na kwa kuwa watu wale wale hutumika kulinganishwa tena na tena, kiasi cha shaka lazima kikokotolewe kwa kanuni yake maalumu, la sivyo matokeo yataonekana ya uhakika kuliko yalivyo.

Faida kubwa ni kwamba kura moja hutosha kwa maswali mengi: kesho ukichunguza ugonjwa mwingine, wale 100 wapo.

Njia ya pili, ndugu ya hiyo, humchagulia kila aliyeambukizwa wenzake wachache wa kulinganishwa naye. Ndiyo iliyotumika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na jarida la The Lancet Infectious Diseases, kutoka kohoti tano za Afrika, ya Mombasa ikiwemo. Walipimwa wanawake 87 walioambukizwa na 262 wasioambukizwa, karibu watatu kwa kila mmoja. Aina saba za bakteria zilionekana kuandamana na hatari kubwa zaidi ya VVU.

Wanawake hawa, ambao jamii huwanyooshea kidole, wametoa miili na muda wao ili wengine wapone. Sampuli zao ni amana. Mtafiti anayezichagua kwa kura ya haki na kuzipa uzani sahihi anaitunza amana hiyo. Anayezimaliza ovyo, au kuzihesabu vibaya, anawadhulumu.