Maji ya kijani: bwawani ni chakula, kwenye tangi la kioo ni hasara



Juzi kati kijana mmoja wa hapa Ujiji alinipigia simu: "Shikamoo mtaalamu. Tangi langu limekuwa kijani, mteja anakuja Jumamosi, samaki hata hawaonekani. Niweke mrututu?" Nikamwambia asiguse kitu, naja.

Nilipofika nikagundua kosa lilianzia kwangu. Kwenye mafunzo ya mabwawa ya perege huwa nasema maji ya kijani ni mazuri: ukizamisha mkono mpaka kiwiko na kiganja kikaanza kupotea, mbolea imetosha. Sikusema kwamba hiyo ni ya bwawani. Yeye anafuga samaki wa mapambo, tangi la lita 100 lenye mimea, akaona ukijani akafurahi. Kumbe mteja wa samaki wa mapambo ananunua kwa macho.

Mwani unataka vitu viwili, mwanga na chakula. Chakula chake ni naitrojeni na fosforasi zinazotoka kwenye kinyesi na masalia ya chakula. Tangi lilikuwa barazani, jua la asubuhi linalipiga, na samaki wanalishwa mara nne kwa siku. Hapo lazima uote.

Kwa nini nilikataa mrututu? Ile ni shaba. Inaua mwani, lakini inaumiza pia mimea, konokono na samaki wenyewe. Halafu mwani ukifa wote kwa mpigo unaoza, unamaliza oksijeni na kutoa amonia. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH karibu 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyokuwa sumu kali. Unaweza kulala na samaki ukaamka na mizoga.

Tulifanya hivi:

1. Tulihamisha tangi ndani, mbali na dirisha. Taa inawaka masaa 6 hadi 8 tu kwa siku.

2. Tulilifunika kwa kitambaa cheusi siku 3, pampu ya hewa ikifanya kazi muda wote, bila kulisha. Siku ya nne tukabadilisha theluthi ya maji.

3. Baada ya hapo, kila wiki anabadilisha robo ya maji, akinyonya uchafu wa chini kwa mpira. Ukitumia maji ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke.

4. Analisha kidogo, kile kinachoisha ndani ya dakika 2 au 3.

5. Aliongeza Vallisneria, mmea wenye majani marefu kama utepe unaoota hata ziwani kwetu. Unakula kile kile kinacholiwa na mwani. Magugu maji usilete kabisa, na mimea unayopunguza ifukie, usiitupe ziwani.

Mwani kidogo juu ya mawe usikupe presha. Samaki kama Tropheus kazi yao ni kuukwangua, ni chakula chao.

Jumamosi ile hakuuza, nisiwadanganye. Mteja alirudi wiki ya tatu, maji yakiwa yanang'aa, akachukua samaki wake.

Na mimi siku hizi nikifundisha naanza kwa kusema: hii ni ya bwawani, ya kwenye kioo ni habari nyingine. Kazi njema.