Tovuti ya Chama na Mitambo ya Utafutaji

Katibu wa chama cha msingi anapotaka kuwajulisha wanachama bei ya msimu, huandika tangazo na kulibandika kwenye ubao wa ghala. Kazi yake huishia hapo, kwa sababu kila mwanachama anaujua ubao huo na hupita mbele yake aletapo mazao. Tovuti haina wapita njia wa namna hiyo. Mnunuzi wa kahawa aliyeko Hamburg, au mwanachama aliyekaa nyumbani kwake na simu ya mkononi, haijui anwani ya tovuti ya chama. Huandika maneno machache katika mtambo wa utafutaji, kisha husoma kurasa mbili tatu zilizopangwa juu. Ukurasa uliopangwa wa arobaini ni sawa na tangazo lililobandikwa ndani ya kabati.

Kwa sababu hiyo wamezuka watu wanaoviandikia vyama na kuahidi kuipandisha tovuti hadi nafasi ya kwanza katika muda wa mwezi mmoja, kwa malipo. Fedha inayoombwa ni ya wanachama, nayo hutokana na ushuru unaokatwa katika kila kilo ya mazao yao. Kabla ya bodi kutia sahihi mkataba wa aina hiyo, yafaa ieleweke jinsi mitambo hiyo inavyofanya kazi, na kwamba sehemu kubwa ya kazi inayotakiwa yaweza kufanywa na chama chenyewe, kwa kuwa malighafi yake imo katika vitabu vya chama.

Mtambo wa utafutaji hauizunguki dunia wakati ule mtu anapouliza. Programu zake hupita kutoka ukurasa hadi ukurasa mchana na usiku, zikifuata viungo, na kuweka katika faharasa kubwa yale yaliyomo katika kila ukurasa. Swali linapoletwa, faharasa hiyo hufunguliwa na kurasa zinazohusika hupangwa. Ugumu uko katika kupanga. Mitambo ya miaka ya 1990 ilitegemea mno kuhesabu maneno, na wenye hila waliigundua siri hiyo upesi. Walirudia neno moja mara nyingi katika ukurasa mmoja; wengine waliliandika kwa rangi nyeupe juu ya mandhari nyeupe, ili msomaji asilione na mtambo ulihesabu.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walianzisha kampuni ya Google kwa msingi wa fikira nyingine. Kiungo kilichotoka tovuti moja kwenda nyingine kilihesabiwa kuwa kama kura, na kura ya ukurasa ulioaminiwa na wengi ilikuwa nzito kuliko kura ya ukurasa usiojulikana. Wanaushirika, waliozoea kanuni ya mwanachama mmoja kura moja, wataona kasoro katika uchaguzi wa namna hiyo. Hata hivyo ulifanya kazi vizuri, mpaka kura nazo zilipoanza kununuliwa.

Tangu hapo historia ya mitambo hii imekuwa historia ya kuziba mianya. Mwezi Septemba 2009 kampuni hiyo ilitangaza kwamba orodha ya maneno muhimu inayofichwa nyuma ya ukurasa haihesabiwi katika kupanga matokeo. Hata sasa wapo wanaotoza fedha kwa kuijaza. Februari 2011 ilibadili hesabu zake ili kuzishusha tovuti zenye maandishi yaliyonakiliwa au yasiyo na manufaa, na mabadiliko hayo yaligusa karibu asilimia 12 ya maswali yaliyoulizwa Marekani. Aprili 2012 ilikuwa zamu ya tovuti zilizonunua viungo. Machi 2024 ilitoa kanuni dhidi ya kurasa zinazotungwa kwa maelfu, kwa mashine au kwa mikono, kwa kusudi la kupanda tu. Kampuni yenyewe imesema waziwazi kwamba hakuna mtu awezaye kumhakikishia mwingine nafasi ya kwanza, na kwamba haipokei malipo ili kuupandisha ukurasa katika matokeo ya kawaida. Matangazo ya kulipiwa huandikwa kuwa ni matangazo. Mwenye kuahidi nafasi ya kwanza, basi, anauza kitu asichokuwa nacho. Na akitumia hila za kale, tovuti itakayoshushwa ni ya chama, siyo yake.

Kinachobaki ni maandishi yenyewe. Tovuti nyingi za vyama vya mazao hufunguka kwa maneno ya namna hii: chama ni bora, kinauza kahawa bora, kwa huduma bora, kwa maendeleo ya wanachama. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali ambalo sentensi hiyo ni jibu lake. Mnunuzi huuliza kahawa imelimwa katika mwinuko wa mita ngapi, ni ya aina gani, imeoshwa au imekaushwa na ganda lake, iko katika madaraja gani, magunia mangapi yatakuwa tayari na mwezi gani. Mwanachama huuliza malipo ya awali ni kiasi gani, malipo ya pili yatatoka lini, pembejeo zimefika au bado, na miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani inapatikana wapi. Majibu yote hayo anayo katibu. Yamo katika daftari la mapokezi, katika stakabadhi za mnada wa Moshi, katika taarifa za bwana shamba.

Hapa ndipo chama kidogo cha mlimani kinapoishinda kampuni kubwa ya mjini. Maelezo ya jumla kuhusu kahawa ya Kilimanjaro yamekwisha kuandikwa mara nyingi, na chama kikiyanakili kitakuwa cha mwisho katika msururu mrefu. Lakini siku ambayo mtambo wa kumenya wa kijiji fulani ulianza kupokea matunda mabivu msimu huu, sababu ya kuikataa shehena fulani, au namna wakulima wa kata ile walivyochanganya migomba na mibuni, ni habari asiyoweza kuiandika mtu mwingine yeyote. Miongozo ambayo Google huwapa wakaguzi wake wa matokeo iliongezwa jambo moja Desemba 2022: kutazama kama mwandishi ana uzoefu wa kutenda anayoyaeleza. Mkulima aliyepogoa mibuni kwa miaka thelathini anao uzoefu huo, hata kama hajawahi kuandika makala.

Njia nyepesi ya kuanza ni kuweka daftari dirishani pa ofisi, na kuandika humo kila swali linaloulizwa, kwa maneno yaleyale ya muulizaji. Baada ya mwezi mmoja maswali yatakuwa yamejirudia. Kila swali lililojirudia lipewe ukurasa wake, na kichwa cha ukurasa kiwe maneno ya swali. Jibu lije katika mistari ya kwanza, maelezo yafuate. Wanachama wakisema “chulebuni”, ukurasa useme chulebuni. Jina la kitaalamu laweza kufuata baadaye kwa ajili ya wataalamu. Ukurasa wa wanunuzi wa nje uandikwe kwa Kiingereza na mtu anayeijua kahawa, siyo kwa mashine pekee, maana kosa moja katika jina la daraja laweza kuvunja mazungumzo ya biashara.

Liko kosa moja dogo ambalo hugharimu sana. Makatibu wengi hupiga picha tangazo lililokwisha kugongwa mhuri, na kuiweka picha hiyo kwenye tovuti. Mhuri unapendeza, lakini maneno yaliyomo ndani ya picha hayasomwi na mtambo kwa uhakika kama maneno yaliyochapwa, na mwanachama mwenye simu ndogo hulazimika kuikuza na kuisogeza ili asome bei. Tangazo lichapwe upya kwa herufi, na picha ifuate chini yake kama uthibitisho.

Kuhusu viungo, hakuna haja ya kununua hata kimoja. Chama kikuu kiviorodheshe vyama wanachama katika tovuti yake na kuunganisha kila kimoja. Chama kikitoa takwimu za kweli za msimu, watu wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi au wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko Lyamungu wanaweza kuzitaja katika kazi zao, na kura ya namna hiyo ina uzito.

Matokeo hayaji upesi. Wataalamu wa Google wamewahi kutaja miezi minne hadi mwaka mmoja. Kuna chombo chao kiitwacho Search Console, kisicholipiwa, ambacho humwonyesha mwenye tovuti maneno ambayo watu waliyaandika hadi kuuona ukurasa wake, na nafasi uliyokuwa nayo. Katibu akikitazama mara moja kwa mwezi na kuleta taarifa katika kikao cha bodi, wajumbe watakuwa na kipimo cha kumkabili yeyote anayedai kuwa ameipandisha tovuti.

Tahadhari mbili zahitajika. Majina ya wanachama, madeni yao na kilo walizoleta ni siri za chama. Hayana nafasi katika tovuti hata kama yangevuta wasomaji. Aidha, kila ukurasa wa bei uwe na tarehe na msimu wake juu kabisa. Bei ya msimu uliopita isifutwe, kwani wengi huitafuta ili kulinganisha, lakini iandikwe wazi kuwa ni ya msimu uliopita, na pawe na kiungo cha kwenda kwenye bei mpya. Mwanachama asijepakia magunia yake juu ya gari kwa kuitegemea bei iliyokwisha kubadilika.