Kabla hujaukata huo mti wa avokado

Siku utakaposhuka matatu pale Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, begi la Nairobi mgongoni, jiandae. Hata chai hujaimaliza, mtu atakuuliza: "Ule mti wako haujazaa. Tuukate?"

Mimi niliulizwa. Nilikuwa nimepanda miche mitatu ya Hass, nikapiga selfi nayo, nikarudi mjini nikaisahau. Miaka mitatu ikapita. Na usidhani kaka yangu alikuwa mchokozi. Unajua mashamba ya Gusii: babu aligawa, baba akagawa, sasa kila mtu ana kipande. Mti usiozaa umekalia nafasi ya mahindi.

Lakini hebu kwanza turudi kwenye keja yako. Kama hujawahi kulima, usianze na avokado. Jaza gunia udongo na samadi, uliweke panapopata jua, upande chinsaga. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hivyo zifunike na udongo kidogo tu. Halafu itakujia ile hamu ya kufukua uone kama zimeota. Wacha! Ukifukua umeua. Mwagilia, ulale. Katika Marko sura ya 4 Yesu anamtaja mkulima wa aina hiyo: analala na kuamka, mbegu inakua, na yeye mwenyewe hajui inakuaje. Baada ya wiki nne hadi sita utaanza kuchuma. Ni chungu, ndiyo, lakini ipikie maziwa kama magokoro anavyofanya, kisha uniambie.

Avokado ni habari nyingine. Mche uliounganishwa huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa. Ukipanda kokwa, unaweza kungoja hata mara mbili ya hapo.

Na ujue Hass yenyewe ilinusurika shoka. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua kule California, Marekani. Katika miaka ya 1920 alipanda mbegu za avokado, akajaribu kuunganisha mche mmoja na aina iliyopendwa wakati huo. Ukakataa. Akarudia, ukakataa tena. Akataka kuukata, ila fundi wake wa kuunganisha miche akamshauri auache tu. Mwaka wa 1935 aliusajili kwa jina lake. Kila Hass unayoiona sokoni Daraja Mbili asili yake ni mti huo mmoja.

Sasa fungua Luka 13. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu kutafuta tini kwenye mti wake, hapati kitu, anaamuru ukatwe. Mtunza bustani anamwomba mwaka mmoja zaidi. Lakini soma vizuri: haombi mwaka wa kukaa kitako. Anaahidi kuuchimbia pande zote na kuutilia mbolea.

Hapo ndipo nina neno na baadhi ya wahubiri wetu. Umemaliza chuo, umetuma maombi ya kazi mpaka bando limeisha, halafu unaambiwa ungojee wakati wa Bwana, basi. Jembe hakuna, samadi hakuna. Ukichoka kungoja hivyo, unajikuta umeweka pesa ya mwisho kwenye mechi ya wikendi, maana hiyo angalau ina jibu baada ya dakika tisini. Sikulaumu. Nimefika huko.

Basi siku ile nilimwomba kaka mwaka mmoja. Alicheka, kisha akanionyesha rundo la samadi nyuma ya zizi la ng'ombe. Nilichimba kuzunguka kila shina, si karibu sana nisije nikakata mizizi, nikatia debe moja moja, nikafunika na majani makavu ya migomba. Mikono ilitoka malengelenge. Tangu hapo nimekuwa nikirudi kila baada ya miezi miwili, nauli ikipatikana.

Yesu hakusema kama ule mtini ulizaa mwaka uliofuata. Wangu, ule wa kando ya choo, umetoa maua. Miwili mingine bado.