Lenzi Ndefu Haishiki Kibo? Usikimbilie kwa Fundi

Saa nne asubuhi uko Soweto, Moshi, umeelekeza lenzi ya milimita 300 kwenye Kibo. Lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, haishiki. Au inashika vizuri tu, lakini ukiikuza picha, barafu imekuwa kama uji. Wengi hapo huamua lenzi imekufa. Ngoja kwanza, hayo ni matatizo mawili tofauti, na huenda yote mawili yasikugharimu hata shilingi.

Tuanze na lenzi isiyoshika. Kamera haijui mlima ni nini. Fokasi ya otomatiki hutafuta kingo, yaani mahali cheusi kinapokutana na cheupe. Ukiielekeza kwenye wingu au anga tupu, haioni cha kushika, basi inahangaika. Weka alama ya fokasi pale barafu inapopakana na mwamba mweusi. Mlima ukiwa umefifia, shika mti ulio umbali wa kilomita mbili hivi, funga fokasi, kisha rudi mlimani. Kwa lenzi ya milimita 300, kilomita 2 na kilomita 30 ni karibu kitu kilekile. Ila usizungushe pete mpaka mwisho ukidhani ndiko mbali kabisa: lenzi ndefu nyingi hupitiliza hapo.

Sasa ile picha yenye uji. Kati yako na kilele kuna hewa ya kilomita 30 hivi. Jua likishachoma mabati na lami, hewa ya moto hupanda ikichanganyika na ya baridi, na mwanga unaopita humo hupindapinda. Ndiyo sababu hata nyota humeta. Lenzi ndefu inakuza mlima, na inakuza mtetemo huo pia. Hakuna fundi wa kuurekebisha. Dawa yake ni kuamka: jua linapochomoza ardhi bado ni baridi, na mara nyingi mawingu hayajaufunika mlima.

Utajuaje kosa ni la hewa au la lenzi? Bandika gazeti ukutani kwenye mwanga mzuri, weka kamera kwenye stendi mita tano hivi, piga picha kumi. Herufi zikisomeka vizuri, lenzi yako ni nzima. Zisiposomeka, weka fokasi kwa mkono huku ukikuza kwenye skrini. Ikiwa kwa mkono zinatoka safi, basi tatizo ni otomatiki: zima kamera, toa lenzi, futa vile vidoti vya chuma nyuma yake kwa kitambaa laini kikavu, ujaribu tena. Ikiwa hata kwa mkono ni ukungu, kagua vioo kama vina uchafu au kuvu.

Baada ya hapo, kama bado inagoma, nenda kwa fundi. Angalau utamwambia tatizo liko wapi, badala ya yeye kukubunia.