Picha ya Barazani

Wahenga walinena, dalili ya mvua ni mawingu. Mimi niliyaona mawingu kwa macho yangu, nikayapuuza kwa sababu arbuni ilikuwa tayari mfukoni.

Kazi yangu ni kupiga picha, na maskani yangu ni Kiembeni, upande wa Kisauni. Mwezi mmoja wa Mei alinijia bibi wa mtaani kwetu. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka Maskati baada ya miaka 7, na alibakiwa na siku 3 tu kabla ya safari. Bibi alitaka wapigwe picha pamoja na wajukuu, bahari iwe nyuma yao. Tukaagana Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Juu ya mvua hatukusema neno.

Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba Mei ni mwezi wa masika, na kusi imekwisha kuingia. Tulipofika ufuoni Bamburi, upepo ulivuta mitandio ya kina mama, na mchanga wote ulikuwa chini ya maji. Ilikuwa bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa karibu na saa kumi alasiri, nami sikuhesabu tarehe. Kabla sijapiga picha ya tatu, mvua ikatushukia. Watoto wakalia, kanzu zikalowa chepechepe.

Nikaanza kuilaani mvua. Bibi akanikatiza: "Mwanangu, usiitukane mvua, hiyo ni rehema. Wenye makosa ni sisi tulioisahau."

Nilitahayari. Tukarudi nyumbani kwake, wakabadili nguo, nikawaketisha barazani, nyuso zikiangalia nje. Hapo nikaona nilichokuwa nikikikimbia. Jua kali huchimba vivuli machoni na kuwafanya watu wakunje nyuso. Wingu zito huutandaza mwanga ukawa laini, na kila uso ukaonekana sawasawa. Picha ilitoka nzuri kuliko nilivyotazamia.

Wazee watakumbuka studio ya Parekh mjini Mombasa, ambako familia nyingi zilipigwa picha ndani kwa ndani. Huko mvua haikuwa na neno. Sisi tunaowatoa wateja nje yatupasa kupatana nao mapema.

Siku hizi, kabla ya kupokea arbuni, namwuliza mteja: ikinyesha tufanyeje? Tunaandikiana siku ya pili ya akiba, na mahali penye paa karibu na pale tulipopachagua. Nikiahirisha mimi kwa sababu ya mvua, arbuni yake haipotei. Siku moja kabla nasikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, kisha asubuhi nampigia simu mteja tukate shauri kabla hajawavisha watoto. Mwenye safari ya karibu simwahirishi kamwe. Huyo nampigia barazani, kunyeshe kusinyeshe.

Nasema hivyo kwa sababu kijana yule aliondoka Jumatatu, na kabla hajapata likizo nyingine mama yake alifariki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Picha ya barazani ndiyo pekee waliyopiga pamoja safari ile. Ukiitazama vizuri, utaona nywele za wajukuu bado zina maji.